Tutaelewana

Kiwandani kwetu, Kuopio, tunafua mashuka ya hospitali,
na kila shuka lina namba yake
iliyoshonwa pembeni kwa uzi mwekundu.
Hakuna shuka linalopotea.
Mimi ndiye ninayeandika matangazo ya kazi.

Januari niliandika: mshahara mnono.
Machi Reijo akataka: mshahara kulingana na uzoefu.
Juni tukahesabu kwa saa, Agosti kwa mwezi,
mara kabla ya kodi, mara baada,
mara posho ya usiku imechanganywa humo humo
kama maji kwenye maziwa.
Kazi ileile. Mashine ileile, ya tatu kutoka mlangoni,
inayotetemeka ikifika kukamua.

Watu walipiga simu. "Ni kiasi gani?"
Nikajibu nilivyofundishwa: "Tutaelewana."
Neno la muuza baiskeli kuukuu,
bei ameibana kwapani, anakupima uso kwanza.

Akaja Saimi Tolvanen kutoka Iisalmi
kwa treni ya alfajiri, theluji magotini,
siku yake ya kazi ameikata bila malipo.
Tukamuuliza atakuwa wapi miaka mitano ijayo.
Tukamuuliza udhaifu wake.
Dakika ya hamsini Reijo akaandika tarakimu kwenye karatasi,
akaikunja mara mbili, akaisukuma mezani
kama mtoa rushwa.
Saimi akaifunua. Akavaa glavu moja,
ya pili akaitafuta kwa muda mrefu.
"Hii mngeniambia kwa simu."

Tarakimu nilikuwa nayo tangu mwanzo.
Jibu sikuwa nalo.

Jumatatu niliandika bila kumwuliza mtu:
euro kumi na tatu na senti arobaini kwa saa, kabla ya kodi.
Saa mia moja hamsini na tano kwa mwezi,
yaani euro elfu mbili na sabini na saba.
Zamu ya usiku, pembeni, kwenye mstari wake.
Na kila tangazo litakalofuata, hivyo hivyo, kwa mpangilio huo huo.
Reijo akaguna: "Umetuvua nguo."
Nikamwambia hapa tunafua, nguo tumezizoea.

Nikadhani yamekwisha.

Alhamisi akaingia Marjukka wa mashine ya tatu,
miaka kumi na tisa, vidole vimesinyaa kwa mvuke,
tangazo amelikata kwa mkasi, pembe zote sawasawa.
Akalilaza mezani. Kando yake akalaza hati yake ya mshahara,
akainyoosha kwa kiganja, kama anyooshavyo foronya.
Kumi na mbili na senti tano.

Nilingoja kelele. Kusema kweli, nilizitamani.
Chini, mashine yake ilikuwa imezimwa,
na ukimya wake ulipanda ngazi hadi kwangu.

"Sikuja kugomba, Outi," akasema, akivuta kiti.
"Nimekuja kuomba kazi."