Kopo la Kahawa

Maji na mafuta, wanasema, hayapatani.
Uongo. Asubuhi hii nimechomoa kijiti cha oili
kikatoka kimepakwa uji wa kijivu,
chai ya maziwa iliyolala.

Zenobi, jirani, hata hakuinama kuangalia.
"Gasketi ya kichwa," alisema, mikono mfukoni,
"au barafu imepasua silinda. Uza chuma, Halszka.
Ursus la zamani hivi, nani atakulaumu?"
Theluji ya Podlasie ilikuwa ikiyeyuka juu ya paa la ghala,
tone, tone,
kila tone likinikumbusha kwamba yeye ni fundi
na mimi ni mwalimu wa hesabu.

Basi nikafanya hesabu.

Sikuliwasha. Nililiacha lilale usiku kucha,
maana kilichovurugwa na mashine
hutengana chenyewe kikipewa kimya.
Alfajiri nikatambaa chini yake, mgongo juu ya gunia,
nikalegeza bolti robo mzunguko, kisha robo tena,
polepole, kama mtu anayefungua mlango
wa chumba alicholala mtoto mchanga.
Maji yakatangulia. Nikayakinga kwa glasi,
nikayainua mbele ya taa.

Meupe.

Na rejeta yetu ina maji ya kijani,
yale yasiyoganda, kijani cha jicho la paka;
baba aliyafuata mwenyewe Białystok.
Gasketi ingevuja, glasi ingekuwa ya kijani.
Nikafungua kifuniko, nikachovya kidole:
yamejaa mpaka shingoni, hayajapungua hata kijiko.

Hayakutoka ndani, basi. Yaliingilia wapi?

Nikakaa juu ya ndoo, nikala mkate na kitunguu.
Mbwa akaja, akanusa beseni, akaenda zake.
Macho yangu yakapanda yenyewe: gurudumu, boneti,
bomba la moshi lililosimama wima, mdomo wazi,
na juu yake, pale upepo wa Januari
ulipong'oa bati, kipande cha mbingu.
Tone.

Kopo! Kopo la kahawa
alilolivika bomba lile kila jioni kama kofia,
nami nikimcheka, baba, unaogopa litapata mafua?

Nililikuta jikoni, limejaa misumari.
Ni mimi niliyeitia, wiki ile ya mazishi,
nikipanga vitu vyake. Nikidhani napanga.

Kilio kilisubiri; oili haikusubiri.
Nikamwaga, nikatia mpya, nikaliunguruma, nikamwaga tena.
Kila mara tone moja juu ya bati la jiko lenye moto:
la kwanza lilitatarika kama bisi,
la pili likanung'unika,
la tatu likatoa moshi tu, bila neno.

Zenobi alisikia mngurumo, akaja hadi uzioni.
Hakuuliza. Sikueleza.
Misumari sasa iko ndani ya soksi.