Taja Chanzo

Ukurasa mmoja, shilingi mia tano.
Ukiwa na mwandiko wa kuku, mia saba,
na kama kesho saa mbili ndiyo mwisho wa kukusanya
tutaelewana, usilie.

Hapa Mabibo, mkabala na hosteli,
kati ya mkaanga chipsi na fundi viatu,
mimi Zamda nimesoma chuo miaka tisa
bila namba ya usajili.

Fasihi huja Jumatatu.
"Mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe. Jadili."
Nililipiga neno chombo mara kumi na nne,
nikafunga duka, nikaenda nyumbani,
nikakuta vyombo vyenyewe kwenye karai, vinaningoja.
Starehe sikuiona.
Tena kuna mhusika bapa na mhusika duara:
bapa habadiliki, alivyoingia ndivyo anavyotoka.
Hapo vidole vilisimama.
Nilijitazama kwenye kioo cha mashine ya kopi,
nisijue nijiweke wapi.
Mteja akaniuliza, dada, wino umeisha?

Biashara huja na majedwali.
Watoto hawajauza hata andazi
wananifundisha mtaji, ushindani, kumtunza mteja.
Mmoja aliandika kwamba mjasiriamali mdogo hufa
kwa kutoweka kumbukumbu.
Kurasa kumi na moja, akachukua kwa mkopo.
Yumo kwenye daftari langu, mstari wa tatu,
jina, tarehe, kiasi.
Kumbukumbu safi kabisa.

Mambo ya jamii ndiyo hayana msimu.
Mimba za utotoni, mafuriko ya Jangwani,
mmomonyoko wa maadili.
Mlima gani huu, unamomonyoka kila muhula na hauishi?
Na zote, zote, zina mkia mmoja:
"Serikali kwa kushirikiana na wadau."
Nimeutengea kitufe chake.
Nabonyeza mara moja, unajiandika wenyewe.
Miaka tisa, sijaonana na mdau.

Sasa huyu Lwitiko.
Alileta insha ya wasichana wanaoacha shule,
usiku, umeme umerudi, Luku imebaki uniti nne.
Sababu saba, kila moja na namba yake ya Kirumi:
umaskini, umbali, wazazi kutojua umuhimu wa elimu.
Nikapiga mpaka ya sita.
Ya saba ilikuwa imemwagikiwa chai, haisomeki,
na simu yake haipatikani.

Nikaandika ya kwangu.
"Wengine hawakuacha shule.
Walitumwa dukani kununua chumvi asubuhi ya mtihani,
na waliporudi hakuna aliyeuliza
mbona mmebaki nyumbani."
Nikachapa. Nikapiga pini.

Baada ya wiki mbili akarudi na karatasi yake.
Sababu sita zimepita kimya, tiki, tiki, tiki.
Ya saba imepigiwa mistari miwili kwa wino mwekundu
na pembeni, mwandiko wa Dokta, mwembamba:
Nzuri sana. Umeitoa wapi? Taja chanzo.

"Dada Zamda," akasema, "ulikopi kitabu gani?
Nimepewa mpaka Ijumaa."

Nikafungua faili, nikashuka hadi Marejeleo,
kule wanakokaa watu wazito,
ukoo mbele, mkato, herufi moja,
mwaka kwenye mabano.
Jina la ukoo wa baba sijaliandika mahali popote
tangu kidato cha pili.
Kibodi hii herufi K inakwama, lazima uikandamize.
Nikaikandamiza.

Mkeyenge, Z. (2006). Chumvi. Mbagala: Haijachapishwa.

Lwitiko akainama, akasoma, akanukuu kwenye kiganja.
"Kipo maktaba?"

"Kimeazimwa," nikamwambia.
"Halafu angalia, Marejeleo yameangukia ukurasa mpya.
Mia tano."