Stakabadhi Namba Arobaini na Moja

Karibuni Kongwa. Kiingilio elfu tano, mwanafunzi elfu moja.
Shikeni kofia zenu. Upepo wa hapa haubishi hodi,
ulishabeba kofia za mabwana karanga
na bado haujashiba.

Hapa Mwingereza alipanda karanga akavuna vumbi.
Reli ikang'olewa, matrekta yakaachwa yaote kutu,
ndipo wakaja wao, usiku, kwa malori ya turubai:
vijana wa Msumbiji, wa Angola, wa Afrika Kusini,
kila mmoja na buti jipya na jina jipya.

Tazameni kushoto: bohari la silaha.
Siku hizi shule inatupia humo madawati mabovu.
Kulia, msingi huu wa saruji, ni jikoni.
Mama yangu aliuza hapa mlenda mkavu kwa kopo,
na maziwa, na
twendeni mbele, jua kali.

(Kipande hiki huwa sikisemi.
Sechelela, binti wa wafugaji, miaka kumi na tisa,
alikwenda na kopo akarudi na mimi.
Baba aliitwa Zakaria
hadi asubuhi malori yalipowashwa.
Halikuwa jina lake. Walifunzwa wote
kuvua majina langoni kama viatu msikitini.
Basi cheti changu cha ubatizo, kadi yangu ya kura,
hati ya kiwanja changu cha Mnyakongo,
vyote vimebeba jina la mtu ambaye hakuzaliwa.)

Yale ni makaburi. Msikanyage mawe.

Leo msafarani yumo mzee mwenye fimbo ya bati.
Katoka mbali, na Kiswahili chake ni cha kambini,
kimejaa amri: simama, funga mkanda, kimya.
Akanikatiza mbele ya watu:
"Dada, jikoni hapakuwa hapa.
Hapa tulicheza mpira. Jikoni ni kule, penye mbigili.
Moshi wake uliingia mahemani tukakohoa
mpaka kamanda akadhani tunamcheka."

Miaka kumi na moja nawaonyesha wageni jiko
ambalo ni goli.
Nikacheka. Ningefanyaje?
Wakaniacha na karatasi yangu, wakamfuata yeye,
naye akachechemea akihesabu hatua,
akikosea, akirudi, akihesabu tena.

Nilisubiri wengine waende kupiga picha bohari.
Nikatoa ya kwangu, huwa naiweka ndani ya daftari la wageni:
kijana kaegemea lori,
nusu ya uso imeliwa na mchwa.
Aliivuta karibu, akaisogeza mbali, akaielekeza juani.

"Zakaria," nikasema.

"Tulikuwa na Zakaria watatu.
Mmoja mfupi, bingwa wa dama, mwizi wa sukari.
Mmoja tulimwacha Zambezi, majini.
Wa tatu nilikuwa mimi,
miezi sita, kabla hawajanipa jina lingine."

"Na huyu?"

Upepo ukaleta mchanga wa Kongwa nzima.
Sote tukafuta macho,
mimi, yeye, mwalimu mstaafu wa Kibaigwa,
hata dereva ambaye hayamhusu.

"Mama yako," akauliza, fimbo ikichora vumbi,
"alikuwa anauza nini?"
"Mlenda."
"Wote walikuwa wanauza mlenda," akasema, polepole,
kama mtu anayejaribu mlango asioujua unafungukia wapi.

Honi ikapigwa. Dodoma ni mbali na giza halisubiri.
Nikafungua kitabu cha stakabadhi,
namba arobaini na moja. Imepokelewa kutoka kwa.
"Niandike jina gani, mzee?"

Akaniomba kalamu.
Akaandika jina kwa herufi kubwa, akalitazama,
akalikata mstari mmoja,
akaandika jingine chini yake, la pasipoti.
Akalipa elfu kumi, chenji hakutaka.

Basi lilipopotea kwenye kona ya ranchi
nikageuza nakala ya kaboni, iliyobaki kwangu.
Jina la chini limefifia.
Lile lililokatwa linasomeka vizuri zaidi.