Ilham Ataka Orodha

Umekaa na kalamu, mjukuu wangu,
wataka nikutajie senema kumi za kale,
za kuchekesha, za kutazama mvua ikigoma kuanuka.
Haya. Andika moja.
Hizo tisa tutajua mbele.

Jina lake silijui.

Landirova ya serikali ilikuja Konde msimu wa karafuu,
mwaka ule miti ilizaa hadi matawi yakapasuka.
Wakatundika shuka kwenye milingoti ya goli,
jenereta ikakohoa mara tatu
kama mgeni apigaye hodi naye hataki kuingia.

Picha haikuwa na rangi.
Lugha yake, wengine Kitaliana, wengine Kirusi,
hata leo Konde hawajapatana.
Lakini tulikuwa na Shaame Faki,
karani wa mizani kituo cha karafuu,
aliyepewa kipaza sauti kwa kuwa aliijua lugha ile.
Alisema anaijua.

Kwenye shuka, mwanamme mwembamba, suruali fupi,
anaingia hotelini na ngazi begani.
Mwenye hoteli, tumbo mbele, anamfokea.
Shaame akatafsiri:
“We Khatib! Gunia hili umechanganya makonyo!”
Na yule mwembamba, mikono juu:
“Wallahi si makonyo, bwana,
ni karafuu, zimekonda kama miye!”

Uwanja ukapasuka.
Karani anajisema mwenyewe, mbele ya watu!
Ngazi ikageuka, ikamkuta mwenye hoteli kisogoni,
ikageuka tena, ikamkuta askari,
na kila aliyepigwa Shaame akampa jina:
huyu mkaguzi kutoka Wete,
huyu wa duka la kanga, mkono wake mfupi akipima,
huyu sheha.
Sheha mwenyewe alikuwa kiti cha mbele.
Alichelewa kucheka, lakini alicheka.

Mama yangu, Mize binti Kombo,
alikuwa na miaka miwili tangu amzike baba.
Aliuma pindo la kanga, akaliuma,
kisha likamponyoka.
Mwanga wa shuka ukampiga usoni
nikaliona pengo lake, jino la pili juu.
Nilikuwa nimeshasahau kama ana pengo.

Hapo ndipo utepe ukakatika.
Shuka nyeupe tupu, nondo wawili wakicheza juu yake,
fundi anatukana kwa sauti ya chini.
Shaame hakunyamaza.
Khatib akalipwa pesa zake, akanunua godoro,
godoro likakataa kupita mlangoni,
akabomoa mlango, nyumba ikamfuata,
nasi sote tumekodoa macho pale pasipo na kitu,
tunacheka, tunashikana mabega.
Utepe ulipoungwa, watu walimwambia fundi
asubiri kwanza.

Nimeona nyingine, sikufichi.
Unguja, nilipokuwa nikisomea ualimu,
viti vya kukunja, njugu ndani ya karatasi ya daftari:
ile ya bwana harusi aliyeingia harusi ya jirani,
ile ya mwizi aliyelala kwenye kabati akikoroma,
ile ya daktari wa meno anayeogopa meno.
Nzuri. Andika nazo ukitaka,
ingawa majina yake pia yameniruka.

Na mwaka jana mjomba wako Hafidh
akanitumia kipande kwenye simu, dakika nne,
hakina kichwa hakina mkia,
akaapa ndiyo yenyewe.
Ngazi ipo. Tumbo lipo.
Chini kumeandikwa maneno ya kweli:
“Vyumba vimejaa.”
“Nimekuja kubadilisha taa.”
Basi.
Nikacheka mara moja, ya adabu,
nikamrudishia kidole gumba.

Kwa hiyo orodha yako, Ilham, iache.
Leta yoyote, ya kale, ya jana, hata mbovu,
muradi mtu aanguke.
Zima sauti.
Sogea, unanizibia.
Huyo mwembamba anaitwa Khatib,
na gunia lake,
tizama uso wake,
anajua fika lina nini ndani.