Nyimbo Kumi na Tisa na Nusu Dakika

Kuchoma, alisema Murhula, ni kuweka.
Alinifundisha hivyo kule Kadutu, juu ya ngazi za udongo,
chumba chenye dirisha moja,
kompyuta imefungwa kwa mpira wa baiskeli isitikisike.
Ukipumua karibu, diski inaharibika,
na faranga zako elfu moja zimegeuka kioo cha kunyolea ndevu.
Mwendo wa nne, alisema. Usiwe na haraka.
Wenye haraka ni Snel.

Tulichoma usiku, umeme unapokuja
kama mdeni, bila kubisha, tayari kuondoka.

Diski zangu hazikuwa za soko.
Ya mama: kwaya tupu, na nyimbo mbili za dunia zimejificha katikati.
Ya shangazi Nsimire: wanaume wa suruali zenye mikunjo,
wanaotaja majina ya matajiri ambao yeye hamjui hata mmoja
ila anawaitikia wote, akimenya mihogo.
Ya mjomba Bisimwa: sebene peke yake.
“Kata maneno,” aliniagiza. “Maneno yanamchelewesha mtu.”

Na ile ya mwaka mpya.
Nyimbo kumi na tisa, nikazibana mpaka nyuso zikaanza kuota miraba,
na bado kati ya wa saba na wa nane
pakabaki upenyo, kama kwenye benchi la kanisa,
ambapo mtu mwembamba akiomba radhi anakaa.
Nikamkalisha baba.
Harusi ya Cibalonza. Suti ya kijivu, ya kuazima.
Mkono wa kushoto umeinua chupa ya soda,
wa kulia unaongoza magari yasiyokuwepo.
Anacheza vibaya.
Anacheza vibaya kwa moyo wote.
Halafu anaitazama kamera, anasema neno,
spika zinalimeza,
na wimbo wa nane unamkata mguu hewani.

Nikaandika kwa wino mweusi: YA NYUMBANI. ISITOKE.
Ilitoka wiki ileile.
Bisimwa aliiazima, mwanawe akainakili,
rafiki wa mwanawe akainakili nakala,
nami nikanuna kwa siku tatu, kisha nikasahau.

Mwezi wa pili baba alilazwa. Mwezi wa pili huohuo tulimzika.
Kiangazi moto ulipanda kilima, mbao kwa mbao.
Watu walitoka na mabati, na magodoro, mmoja na mlango wake.
Mama alitoka na remoti.
Asubuhi nilizikuta diski zimeshikana,
mkate mmoja mweusi, hauliki, hauchezi.
Murhula alisimama pembeni.
Hakusema kitu kuhusu kuchoma.

Mvua zilikuwa zimerudi M'Cirhuza wa Panzi aliponiita,
yule anayeuza ndagala:
“Weye, kuya uone diski yetu, inaruka-ruka.
Inaruka pale pa muzee, na watoto wanalia.”
Muzee gani?
Akawasha.

Hakuwa na macho tena, miraba miwili tu ya kahawia.
Pua ilikuwa inachelewa kuufuata uso.
Lakini chupa ilikuwa juu,
na magari yasiyokuwepo yalikuwa yanamtii.
Nyuma yangu watoto watano walisimama wamejipanga,
mkono wa kushoto hewani, kila mmoja na kikombe,
wakicheza vibaya, vibaya sawasawa, bila kukosea hata hatua.
Wanamwita Papa Soda.
Walidhani ni mwanamuziki, ana nyimbo nyingine, nitawaletea.

Nikauliza (nilikuwa nimekaa chini, sijui tangu lini)
pale mwishoni, anasema nini?
Mdogo wao, mwenye kaptula ya dada yake, alinishangaa
kama mtu asiyejua jina la mtaa wake.
“Anasema: *Zima hiyo, utamaliza batri.*”

Nikafuta diski kwa pindo la shati,
kutoka katikati kwenda nje, kama nilivyofundishwa.
Nikaweka nyingine tupu. Mwendo wa nne.
Nikashika pumzi.