Tairi za Nyuma

Fundi wa Mabela, Mbulushi wa maneno machache,
alilipiga gari jeki, akapitisha kidole:
za mbele nzima,
za nyuma kipara, waya nje.
"Kwako," akauliza, "nani anaendesha usiku?"

Hakuna, nikasema.
Mimi wiki mbili kambini Marmul, wiki mbili nyumbani.
Mke wangu hajui usukani.
Azzan ana miaka kumi na sita.

Akafuta mikono kwa tambara. Akaendelea kuifuta.

Njiani nikakusanya maneno yetu ya mwaka mzima:
Umesali? Umekula? Hisabati umepata ngapi?
Na ufunguo. Tangu ana miaka kumi na moja
namtupia ufunguo akaniwashie gari lipoe,
nisitoke nikakalia moto.
Huyo ndiye mwalimu wake: uvivu wangu, na jua.

Rayya alijua. Alinusa mpira ulioungua
kwenye dishidasha, akaifua mbali na nguo zetu.
"Ningekwambia lini?" akanijibu.
"Wiki ya kwanza unalala.
Ya pili unahesabu siku za kurudi."
Na mamangu, toka chumbani kwake, mlango wazi:
"Muacheni mtoto wa watu!"
Wa watu.

Usiku ule nikaweka ufunguo pale pale, juu ya friji,
nikajilaza mapema kama mtu aliyechoka,
kisha nikaamka nikakaa sebuleni, taa imezimwa.
Maneno nilikuwa nayo, ya marehemu babangu,
sijawahi kuyatumia, yote bado makali.

Saa nane akaingia, viatu mkononi.
Akaniona. Hakukimbia.
"Baba, mbona hujalala? Unaumwa?"

Nilitafuta neno la kuanzia, sikulipata.
Nikanyoosha mkono. Akauweka ufunguo kiganjani,
umelowa jasho lake.

"Vaa viatu," nikamwambia.

Nikaendesha mimi, polepole, yeye akinielekeza
kwa kidole tu, kulia, kulia tena,
mpaka nyuma ya maghala, kwenye lami isiyo na taa.
Nikawasha taa kubwa.
Duara nyeusi, moja juu ya nyengine,
kama alama za vikombe
kwenye meza ambayo hapana aliyeifuta.

"Ipi yako?"

Akashuka. Akatembea akiangalia chini,
akapita mbili, tatu,
akasimama katikati ya moja, mikono mfukoni,
akinisubiri.
Nikamfuata. Nikasimama karibu yake,
na hapo ndipo nilipoona
amenipita kimo.