Herufi Yenye Mtoto Mgongoni

Nyamizi yuko la pili kwa mara ya tatu.
Kitabuni imeandikwa: Baba analima.
Kidole chake kinapita chini ya neno, taratibu,
kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu,
kisha anasoma: Dada analima.

Baba, nasema.
Dada, anasema, na ananitazama
kana kwamba mimi ndiye nisiyeona.

Jumamosi nikapanda Igogo, ngazi za mawe,
nyumba zimekaa juu ya majabali
kama kuku waliokataa kuteremka.
Baba hayupo. Alikwenda visiwani msimu mmoja,
misimu sita iliyopita.
Yuko dada, Kwandu, anaanika dagaa juu ya jiwe,
mtoto mgongoni, kanga imekazwa.
Nikashuka nimefurahi, mjinga mimi,
nikijiambia nimepata siri:
mtoto anasoma nyumba yao, si kitabu.

Jumatatu akasoma bibi: didi.
Debe: bede.
Haikuwa siri. Zilikuwa herufi tu,
b na d, Kulwa na Doto
waliovalishwa sare moja.

Kitengo chetu ni stoo ya zamani.
Madawati saba, wanafunzi kumi na mmoja,
na Mashauri anayehesabu vizuri mpaka kumi na tatu
halafu anacheka.
Tuliandika kwenye mchanga niliobeba kwa ndoo kutoka ziwani,
magamba ya sato yaking'aa ndani yake;
tuliandika hewani, mgongoni mwa mwenzako,
kwa uzi wa nyavu.
Wiki tano.
Nilirudi nyumbani nimemkasirikia
mtu aliyevumbua d.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya uji.
Nyamizi akachora d, akaiongezea miguu,
akaiongezea kilemba.
"Huyu anakwenda kule maandishi yanakokwenda.
Kabeba mtoto mgongoni. Ni dada."
Na hii? nikauliza, nikiogopa kupumua.
"Huyo kitambi kimemtangulia. Baba."

Mdhibiti ubora alipokuja aliuliza asilimia.
Nikampa. Fomu yake
haina safu ya vitambi.
Mtihani: nne kwa kumi. Mwaka jana, moja.
Karatasi nzima imejaa vijiguu.

Jana tulipita pamoja mbele ya duka la dawa,
maandishi makubwa, mekundu, ukuta mzima.
Akasimama. Akanivuta mkono.
"Mwalimu, hii D mbona mzigo uko mbele?"

Miaka kumi na minne ya chaki, na sikuwa na jibu.
Bodaboda zikapita, mbili, tatu.
Akaitazama tena, kichwa upande,
hana haraka.

"Aa. Mtoto kaamka," akasema.
"Anamnyonyesha."